Nani yuko kwenye waifai yako? Namna ya kumtambua na kumtoa mgeni kwenye ruta ya nyumbani

Mama mdogo wangu anakaa Ujiji. Ruta yake ni ile ya kuweka laini ya simu, iko juu ya kabati la vyombo sebuleni. Miezi mitatu mfululizo bando lake la siku 30 lilikuwa linakata siku ya 19 au ya 20, na yeye si mtu wa kukesha kwenye filamu. Akanipigia: “Mwanangu, kuna watu wananilia bando. Nimeangalia kwenye simu naona vifaa 11, mimi navijua vitano tu. Njoo unitolee hao sita.”

Nilikwenda Jumamosi. Tulianza saa nne asubuhi, tukamaliza adhuhuri inaadhiniwa. Katika wale sita, mgeni wa kweli alikuwa mmoja. Watano walikuwa wa humo humo ndani. Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote cha kuzuia, nakuomba sana: hesabu kwanza vya kwako. Anayeanza kwa kuzuia huishia kuzima kamera ya getini kwake, na jirani anaendelea kula bando kama kawaida.

Hatua ya 1: Daftari kwanza, ruta baadaye

Chukua daftari na kalamu, zunguka nyumba chumba kwa chumba. Usiandike ukiwa umekaa, maana ukikaa utakumbuka simu na televisheni tu. Tafuta kamera, taa za kuwashia kwa simu, soketi janja, printa, spika, king'amuzi chenye intaneti, saa ya mkononi. Fungua droo. Nyumba nyingi zina simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, haina hata laini, watoto wanaangalizia katuni. Hiyo nayo ni kifaa.

Kisha waulize watu. Mpangaji wa chumba cha uani ana simu ngapi? Binti anayesaidia kazi aliunganishwa lini? Nani alikuja kulala wiki iliyopita? Hapa kwetu mwisho wa reli mgeni akishuka stesheni hakai saa mbili akaondoka, anakaa siku, na jambo la pili kuomba baada ya maji ya kuoga ni waifai. Andika wote, hata waliokwisha kuondoka.

Kila kifaa mpe mstari wake: jina, ni cha nani, kiko wapi. Acha nafasi upande wa kulia, utaijaza baadaye.

Hatua ya 2: Ingia ndani ya ruta

Geuza ruta utazame stika ya chini. Huwa ina mambo matatu: jina la waifai na nywila yake, anwani ya ukurasa wa ruta, na jina pamoja na nywila ya kuingilia kwenye ukurasa huo. Hizi nywila mbili watu huzichanganya. Moja ni ya kutumia intaneti, nyingine ni ya kutawala ruta yenyewe, na hii ya pili ndiyo nyeti zaidi.

Anwani mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta nyingi za laini ya simu hutumia 192.168.8.1, na baadhi za faiba 192.168.100.1. Stika ikiwa imefutika, chukua simu iliyounganishwa, ingia kwenye Mipangilio, gusa jina la waifai yako na usome maelezo yake. Namba iliyoandikwa “Gateway” au “Router” ndiyo hiyo. Iandike kwenye kivinjari, pale juu kabisa panapoandikwa anwani, si kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ukurasa huu hauli bando, kwa sababu uko ndani ya ruta yako, hautoki nje. Hata bando likiwa limekata utafunguka. Lakini zima kwanza data ya laini ya simu yako, maana simu nyingi zikiona waifai haina intaneti hukimbilia data na ukurasa unagoma kufunguka. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, hakikisha tu kwamba namba uliyoandika ni ya ruta yako, kisha endelea. Ni kawaida kwa kurasa za ndani ya nyumba.

Kama nywila ya utawala ilibadilishwa na fundi na huikumbuki, kuna kitundu kidogo kimeandikwa “Reset”. Ukibonyeza kwa pini kama sekunde kumi hivi, ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa ruta ya laini ya simu si tatizo kubwa. Kwa ruta ya faiba usiguse kitundu hicho kabla ya kuongea na waliokufungia, kwa sababu huenda mipangilio ya kukuunganisha nao imo humo humo. Ukiifuta unakaa bila intaneti mpaka waje.

Hatua ya 3: Soma orodha bila haraka

Tafuta palipoandikwa “Connected Devices”, au “Clients”, au “DHCP”. Utaona jedwali lenye jina la kifaa, anwani ya IP na anwani ya MAC.

Jina ndilo linalodanganya zaidi. Simu nyingine hujitaja vizuri, “Galaxy-A15” au “TECNO-SPARK”, nyingine huja bila jina lolote. Na mtu anaweza kubadili jina la simu yake akaiita anavyotaka. Kwa hiyo jina lichukulie kama fununu tu.

Anwani ya IP ni kama namba ya kiti kwenye basi: leo umekaa kiti cha 12, kesho mwingine atakaa hapo. Usiiandike kwenye daftari.

Ya kuandika ni anwani ya MAC, yaani namba ambayo kifaa hujitambulisha nayo kwa ruta. Ina herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, tarakimu 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F. Jozi tatu za mwanzo hutolewa na taasisi ya IEEE kwa mtengenezaji, kwa hiyo ukiziandika kwenye tovuti za kutafutia watengenezaji utajua kifaa kimetoka kiwanda gani. Hapa napo kuna mtego: jina linalotokea mara nyingi ni la aliyetengeneza kipande cha waifai, si jina lililochapwa kwenye kifaa. Kwa mama mdogo kulikuwa na kifaa cha “Espressif”. Alishtuka. “Huyo ndiye! Jina lenyewe la kigeni.” Espressif ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza vipande vidogo vya waifai vinavyofungwa ndani ya taa, soketi na vitu kama hivyo. Ilikuwa taa ya barazani, ile aliyoletewa na mwanawe, inang'aa juu ya vichwa vyetu tulipokuwa tunaijadili.

Sasa angalia herufi ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo si ya kiwandani, kifaa kimejitungia chenyewe. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hufanya hivyo zenyewe ili mwenye simu asifuatiliwe kila anapopita. Kwa hiyo usimshuku mtu kwa sababu hiyo tu. Inakwambia jambo moja la maana: karibu kila mara hiyo ni simu, tableti au kompyuta ya siku hizi, si taa wala kamera. Na ukitaka kulinganisha na simu za nyumbani, usisome MAC iliyo kwenye “Kuhusu simu”, hiyo ni ya kiwandani. Ingia kwenye maelezo ya waifai uliyounganishwa nayo, utaona ile inayotumika hapo.

Kuna majina mengine mawili ya bure tuliyoyafuta kwenye orodha yake. Kompyuta ya binamu yangu ilikuwa imechomekwa kwa waya na waifai yake imewashwa pia. Waya una MAC yake na waifai ina yake, kwa hiyo kompyuta moja inahesabiwa mbili. Na simu ya mgeni aliyeondoka na treni kwenda Tabora alfajiri ile ile ilikuwa bado imeandikwa, kwa sababu orodha ya DHCP, yaani ya anwani za IP ambazo ruta imegawa, huhifadhi jina la aliyepewa anwani mpaka muda wake uishe, na muda huo kwenye ruta nyingi ni saa 24. Ruta yako ikiwa na orodha mbili, amini ile ya walio hewani sasa hivi.

Hatua ya 4: Zima kimoja kimoja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haitaki utaalamu, inataka subira. Zima waifai kwenye kifaa kimoja, subiri dakika moja au mbili, fungua upya ukurasa wa ruta. Mstari uliotoweka ndio wa kifaa hicho. Uandike MAC yake upande wa kulia wa daftari, kisha kiwashe na uende kingine. Ukiharakisha utakosea, kwa sababu ruta haifuti jina papo hapo.

Njia ya mkato niliyoipenda zaidi ni ya umeme. Kama ruta yako ina betri ya akiba au iko kwenye sola, subiri umeme ukatike, au zima swichi kuu mwenyewe. Kila kinachotegemea ukuta kinakufa: televisheni, taa, printa, kamera, king'amuzi. Kwenye orodha zinabaki simu na kompyuta za betri. Kwa mama mdogo tulizima swichi kuu, orodha ikashuka kutoka 11 hadi saba. Kazi iliyokuwa ichukue saa nzima ikaisha kwa dakika tano.

Ruta nyingine huonyesha pia nguvu ya mawimbi kwa kila kifaa, kwa namba yenye alama ya kutoa. Namba ikisogea karibu na sifuri, kifaa kiko karibu. Kilichoandikwa -40 kiko chumba hicho hicho, kilichoandikwa -80 kiko mbali au nyuma ya kuta kadhaa. Simu yenye antena mbovu inaweza kukudanganya, lakini ukichanganya na mengine namba hii inasaidia sana.

Mwisho tulibaki na mstari mmoja. Hauna jina. MAC inaanza na DA. Mawimbi -81. Tumezima umeme, upo. Simu zote za ndani tumezima waifai, tumezipanga mezani kioo juu, bado upo. Mama mdogo akavua miwani, akasema taratibu, “Huyu sasa ni wa nje.”

Amepitia wapi?

Watu hufikiria mdukuzi mwenye kompyuta mbili gizani. Niliyoyaona mimi ni tofauti: nywila hutoka kwa mikono ya watu wa ndani. Simu yoyote ya Android toleo la 10 au jipya zaidi iliyounganishwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa waifai yako. Mwingine anaupiga kwa kamera, ameingia. Katika simu nyingi nywila yenyewe huandikwa chini ya msimbo. Pia zipo programu zinazoahidi waifai ya bure kila mahali, na nyingine hufanya kazi kwa watumiaji kuweka humo nywila za waifai walizowahi kupewa. Mgeni wako akiitoa yako humo, huwezi kujua nani anaisoma.

Njia ya pili ni nywila dhaifu. Anayetaka kuivunja hahitaji kukaa mlangoni akijaribu moja moja. Hunasa mazungumzo mafupi ya simu ikiunganishwa na ruta, akaenda kukisia kwa kompyuta kwa muda wake. Tarakimu nane tupu ni michanganyiko milioni 100, nyingi kwa binadamu, kidogo kwa mashine. Namba ya simu si afadhali: inaanza na 06 au 07, kwa hiyo anayekisia amebakiwa na tarakimu nane tu.

Njia ya tatu ni WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Toleo lake la namba ya siri ya tarakimu nane lilibainika mwaka 2011 kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Zima WPS leo hii hata kama huna mgeni.

Kwa mama mdogo ilikuwa ya kwanza. Mjukuu wake wa miaka tisa alimwonyesha rafiki yake QR, rafiki akamwonyesha kaka yake. Nyumba ya pili kutoka ukutani.

Hatua ya 5: Kumtoa

Usianze na kitufe cha kuzuia. Kinazuia MAC, na nimeshaeleza kwamba simu inaweza kuibadili. Kijana akigusa sehemu moja kwenye maelezo ya waifai, akachagua anwani ya kiwandani badala ya ya kutunga, ruta inamwona mtu mpya. Kuzuia kunafaa kwa simu ya mtoto wako usiku, au televisheni wakati wa mitihani. Kwa wa nje, badili nywila. Na fuata mpangilio huu, kwa sababu ukianza na nywila ya waifai na kuacha ya utawala, umebadili kufuli la geti huku funguo za nyumba zikiwa nje.

Kwanza nywila ya utawala. Ikiwa bado ni “admin” na “admin”, aliyeingia kwenye waifai anaweza kusoma nywila yako mpya siku hiyo hiyo. Anaweza pia kubadili mipangilio ya DNS, ile inayoielekeza simu tovuti iko wapi, ukaandika anwani ya benki ukapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Palipo na chaguo la kutawala ruta kutoka nje ya nyumba, lizime.

Kisha zima WPS. Kisha, kwenye usalama wa waifai, chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, vinginevyo WPA2 yenye AES. Ukikuta WEP, hiyo ilivunjwa tangu mwaka 2001, iondoe.

Ndipo nywila ya waifai. WPA2 inataka angalau herufi nane, lakini wewe weka maneno manne au matano yasiyohusiana, yawe marefu na yatamkike. Mama mdogo alichanganya samaki, kifaa cha jikoni, mti na kijiji alichozaliwa bibi yake. Jina la mtoto, jina la duka na namba ya simu visiwemo.

Ukihifadhi, kila mtu anatupwa nje, na wewe pia. Sasa waunganishe upya kwa daftari, mstari kwa mstari. Taa na kamera zitakusumbua kidogo: nyingi zinataka masafa ya GHz 2.4 tu, kwa hiyo simu unayoziunganishia iwe kwenye masafa hayo. Taa nyingi huwashwa na kuzimwa mara kadhaa haraka haraka mpaka ianze kupepesa, ndipo zikubali waifai mpya. Ruta ikikuruhusu kuandika majina, ipe kila MAC jina la kueleweka, “taa baraza”, “simu ya binti”. Siku nyingine utamtambua mgeni kwa kutupa jicho tu.

Mwisho fungua mtandao wa wageni kama ruta yako inao. Una jina lake na nywila yake, na ukiwa umepangwa vizuri aliyemo hafikii kamera, printa wala televisheni yako. Wageni wote wapewe huo, na nywila yake ibadilishwe wakiondoka.

Kuongea na jirani

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa kuwa kosa. Na laini iliyo kwenye ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Mtu akitumia intaneti yako kutapeli, ufuatiliaji unaanzia kwako. Si jambo la kupuuza.

Lakini hatukwenda na sheria. Mama mdogo alijifunga kitenge, akaenda mwenyewe. “Hodi, mama.” Akakaribishwa, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda wa kutosha, ndipo akasema, “Kijana wako anatumia waifai yangu. Sijakasirika, ila angeniomba.” Kijana aliitwa, akaamkia, akakubali. Yuko kidato cha nne, alikuwa anapakua mitihani ya miaka iliyopita, na mpira pia. Sasa yumo kwenye mtandao wa wageni, jioni tu, ruta inafungua saa kumi na kufunga saa mbili usiku. Uamuzi huo ulikuwa wa mama mdogo.

Orodha ni safi, bando bado linakata?

Inatokea, na kwake ilitokea. Wiki moja baadaye orodha ilikuwa na majina yake tu, lakini GB zilikuwa bado zinakimbia. Hapo angalia mambo matatu. Je, kuna simu ya ndani inayoigawa waifai yako kwa wengine? Android nyingi zinaweza, na walio nyuma yake ruta inawahesabu kama kifaa kimoja. Je, televisheni imewekwa kwenye ubora wa juu kabisa? Video ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja. Je, kuna kifaa kinachopeleka vitu nje usiku na mchana, kama simu inayohifadhi picha mtandaoni, au kamera?

Ilikuwa kamera ya getini. Fundi aliiacha ikirusha video yote mtandaoni bila kupumzika, mbuzi wakipita, mvua ikinyesha, geti likiwa limefungwa usiku kucha. Tukaichomeka kadi ya kumbukumbu, tukaiweka irekodi pale tu kitu kinaposogea, na tukazima kupeleka nje. Bando la mwezi uliofuata lilifika siku ya 29.